Daftari Lisilochanika

Benchi letu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya madebe mawili ya rangi yaliyojazwa kokoto, chini ya dirisha langu. Mbele yake njia, nyuma yake ukuta, na chini kabisa pembeni kuna kisanduku cha chuma cha mita ya maji, ambacho Zege hukitumia kuwekea mguu kama mfalme. Kahawa nachemsha mimi. Zege ni fundi mwashi, mikono yake haijawahi kukosa saruji hata siku ya harusi yake. Rufaa alikuwa tarishi wa mahakama miaka thelathini, alibeba mafaili na hakufungua hata moja, lakini akikohoa utadhani anataka kukufunga. Chaji anatengeneza simu kwenye kibanda cha ng'ambo ya njia. Shule mimi sikuisogelea. Mama alinikalisha kwenye cherehani, aliyepelekwa shule ni mdogo wangu. Lakini ugomvi wote wa ukoo wetu, nani alimnunia nani, mwaka gani, kwa kauli gani, uko kichwani mwangu. Ukitaka kujua kwa nini shangazi yako hakanyagi kwa mjomba wako, unakuja hapa, unakunywa kahawa, unaondoka unajua. Sasa leo asubuhi kahawa nimeimwaga mara mbili, na sukari nimeikorogea kwenye kikombe kitupu.

Zege: Mama, kaa. Tangu nifike umesimama mara nane.

Mimi: Tisa. Na ya kumi inakuja.

Rufaa: Kuna nini hapa? Mtu akichelewa kidogo tu anakuta dunia imepinduka.

Zege: Useme mwenyewe mama, au niseme mimi? Maana mimi ni shahidi.

Rufaa: Shahidi! Haya, nyamazeni wote. Shahidi aseme, na aseme polepole.

Zege: Alfajiri mama kaniita nimpigilie mguu wa ile cherehani anayowekea vikombe. Nikapiga nyundo moja. Moja tu, Rufaa, naapa. Ubao wa nyuma ya droo ukadondoka, na nyuma ya ubao kikadondoka kifurushi.

Nikakitoa kwenye pindo la nguo yangu, nikakiweka juu ya benchi. Kitambaa cheupe kilichogeuka rangi ya chai, kimefungwa mafundo matatu, moja juu ya jingine. Mama alifunga hivyo kila kitu, hata chumvi. Ndani yake kuna kile kichuma cha duara kinachokaa chini ya sindano na kushika uzi wa chini. Bila hicho cherehani haishoni, inapiga kelele tu. Na uzi bado umo, wa bluu, wa sare ya shule ya mdogo wangu.

Rufaa alikishika, akakigeuza, akakirudisha kama kimemuunguza.

Rufaa: Dada yangu. Hiki si ndicho...

Mimi: Ndicho.

Rufaa: Hiki si ndicho ulichosema mdogo wako alikiiba wiki ya msiba wa mama yenu?

Mimi: Ndicho.

Rufaa: Umenisimulia hiyo kesi miaka ishirini! Ulisema ulimkuta na mkono ndani ya droo!

Mimi: Nilimkuta.

Rufaa: Sasa alikuwa anatafuta nini?

Mimi: Ningejua ningekuwa nasimama mara tisa?

Chaji alikuwa amevuka njia na bisibisi yake sikioni. Akachukua kichuma, akakitazama kwenye mwanga.

Chaji: Lakini bibi, hivi si vinauzwa? Duka la vifaa vya cherehani hapo kona, vimejaa.

Mimi: Vinauzwa.

Chaji: Na cherehani umeikalisha bure miaka mingapi?

Mimi: Arobaini na tisa.

Chaji: Kwa nini hukununua kingine?

Mimi: Mwanangu, ningenunua kingine, ugomvi ungebaki na nini?

Wakacheka. Mimi sikucheka, nikasimama ya kumi, nikachungulia njia. Jua lilikuwa bado halijafika kwenye ukuta wa jirani.

Chaji: Basi bibi, ulikosea. Watu wanakosea. Neno la mdomo linaondoka na upepo.

Mimi: La mdomo. Hili nimeliandikisha.

Zege: Umeliandikisha wapi?

Mimi: Kwa mjukuu wangu. Kwenye daftari lisilochanika.

Ikabidi niwaeleze, maana Rufaa alishaanza kukohoa. Zamani daftari la ukoo lilikuwa kwa kaka yetu mkubwa. Nilikuwa nasema, yeye anaandika. Siku moja shemeji yetu akaingia chumbani akachana karatasi tatu, zote zinazomhusu, akawashia jiko. Tangu siku hiyo, kila nikisimulia jambo, watoto wananiambia, bibi, juzi ulisema vingine. Mimi! Kwa hiyo mwaka huu mjukuu wangu anayefanya kazi za kompyuta alipokuja, nikamwambia, nataka daftari ambalo hakuna shemeji wa kulichana. Akacheka, akasema, bibi, lipo.

Chaji: Alikuwekea mkataba mwerevu. Kwenye blokcheni.

Mimi: Ndilo jina lake. Wewe unalijua?

Chaji: Nalijua, bibi. Si daftari moja hilo. Nakala zake ziko kwenye mashine maelfu, kwa watu wasiojuana, na zote zinalingana neno kwa neno. Ukichana moja, nyingine zinakutazama tu. Na linajisimamia lenyewe. Sheria zinaandikwa siku ya kwanza, zikishawekwa, hata aliyeziweka hana ubavu.

Rufaa: Hakimu asiyekula wala kulala.

Chaji: Bibi, wewe ulimwambia aweke sheria gani?

Hapo ndipo penye mwiba. Nikakaa ili niseme nikiwa nimekaa.

Mimi: Kusoma, asome yeyote, bure. Kuongeza neno, kidole changu peke yake, nabonyeza kwenye simu. Kubadili neno lililokwisha kuwekwa, vidole viwili: changu, na cha yule aliyesemwa.

Zege: Hiyo ya vidole viwili nani aliitaka?

Mimi: Mimi! Mjukuu aliniuliza, bibi, neno likitaka kubadilishwa aruhusiwe nani? Nikamwambia, mimi na aliyesemwa, wote wawili kwa pamoja. Nilijua hiyo siku haitafika. Nilikuwa namfungia mdogo wangu mlango, sikujua naufunga nikiwa ndani.

Zege: Na kidole cha mdogo wako kimo humo?

Mimi: Kimo. Mjukuu alizunguka nyumba zote za ukoo kuwaandikisha. Anasema mdogo wangu aliuliza kitu kimoja tu, dada yangu yumo? Akaambiwa yumo. Akabonyeza. Nikasema moyoni, anataka kunichunguza.

Chaji: Haya, na hilo neno lenyewe liko namba ngapi?

Mimi: La saba. Na mjukuu ameshatuma namba ya daftari kwenye kundi la ukoo, leo kabla hakujapambazuka. Nilimruhusu mwenyewe jana. Kisha ndiyo Zege akapiga nyundo.

Chaji akatoa simu yake. Nikamsomea namba kutoka kwenye simu yangu. Namba nazijua, herufi alinisaidia. Akabonyeza, akasubiri, akakunja uso.

Chaji: "Neno la saba. Aliyesema: bibi. Aliyesemwa: mdogo wake. Kauli: Alikiiba kichuma cha cherehani ya mama kwa wivu, ili nisishone. Limebadilishwa mara: sifuri."

Sijui kusoma, na sijawahi kusomewa maneno yangu na mtu mwingine. Kwa mdomo wangu yalikuwa na sauti, yalikuwa na machozi kidogo. Kwa mdomo wa Chaji yalikuwa kama tangazo la maji kukatika.

Mimi: Wajukuu zake mdogo wangu wote wako kazini. Wale wanajua mambo ya simu kuliko simu zenyewe. Saa kumi wakitoka wataifungua hiyo namba, na watasoma kwamba bibi yao ni mwizi. Na si mwizi.

Nikasimama. Sikuhesabu tena.

Rufaa: Tulia, dada. Jambo hili lina njia. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

Zege: Nani kasema? Mimi nimezoa maji maisha yangu yote. Kwa dekio.

Rufaa: Ndicho ninachosema, tutafute dekio! Chaji, hilo daftari mtu haruhusiwi kuandika juu yake? Akaandika jipya, la zamani likafa?

Chaji: Anaruhusiwa, kwa hivyo vidole viwili. Ngoja niwaeleze. Chukulia kabati lenye droo. Droo namba saba ina kikaratasi kimoja. Ukibadilisha, kikaratasi cha zamani kinatoka, kipya kinaingia. Anayefungua droo anaona kipya.

Mimi: Na cha zamani kinaenda wapi?

Chaji: Hapo sasa. Mlangoni kuna mlinzi mwenye kitabu chake. Kila anayegusa droo, mlinzi anaandika: saa fulani, fulani ametoa hiki, ameweka kile. Hicho kitabu hakifutwi na mtu. Anayetaka kurudi nyuma, atarudi, ataona.

Zege: Kwa hiyo hata wakipatana, lile neno lipo?

Chaji: Lipo nyuma. Mbele linakuwa jipya. Na kila ukiandika unalipa nauli kidogo, maana mashine zote zinafanya kazi. Kusoma ndiyo bure.

Rufaa: Kuandika kuna nauli?

Chaji: Kila neno.

Zege: Ulimi nao ungekuwa na nauli, mama, wewe ungekuwa kimya tangu tupate kujuana.

Nikamnyang'anya kikombe, nikamrudishia. Birika lilikuwa limeanza kuwa jepesi.

Mimi: Semeni njia. Jua halinisubiri.

Rufaa: Njia ya sheria. Tunaandika hati ya zuio. Mimi mwenyewe nitaipeleka.

Chaji: Utaipeleka wapi?

Rufaa: Kwa hizo mashine.

Chaji: Maelfu?

Rufaa: Nimepeleka hati kwa watu waliojificha juu ya dari, mwanangu. Mashine itakimbilia wapi?

Chaji: Na anwani zake huna.

Rufaa: Ndiyo maana nitaanza leo.

Zege: Rufaa, utafika umekufa. Mimi nasema tulipige lipu. Ukuta ukiwa na ufa huubomoi, unaufunika. Mama aongeze maneno elfu juu ya lile la saba. Mtu akifungua akutane na ugomvi wa shangazi, wa binamu, wa ng'ombe, wa mlango, mpaka achoke. Si mama anao?

Mimi: Ninao mia tatu na kitu.

Chaji: Mia tatu yote kwa nauli! Na mtu akitaka la saba anaandika saba tu, linamjia. Halifukiki hilo, hata bibi akiongeza kwamba alikosea, la saba linabaki lilivyo.

Zege: Basi tuzime umeme.

Chaji: Wa nani?

Zege: Wa wote. Dunia nzima, dakika moja tu. Mashine zikizimika pamoja, si zinasahau? Mimi nikizimika huwa nasahau.

Chaji: Wewe unasahau hata ukiwa umewaka. Mashine zikiamka zinaulizana, tulifika wapi, zinaendelea. Wahenga walisema, penye wengi hapaharibiki neno. Na hilo neno liko kwa wengi, ndiyo maana haliharibiki.

Rufaa: Hapo wahenga wametukosesha kesi.

Nikaenda mpaka ukingo wa njia, nikarudi. Mwanamke aliyepita na ndoo akanisalimu, nikamjibu salamu ya jioni, na bado ni asubuhi.

Mimi: Mjukuu nimempigia. Anasema hivyo hivyo, vidole viwili. Naye anatoka kazini saa kumi. Na mimi hili la vidole limenikaba shingo, hamlioni? Ili mdogo wangu akubali kulibadilisha, lazima kwanza alisome. Nitamwambia abonyeze nini bila kumwonyesha? Yeye shule alikwenda.

Rufaa akavuta kofia yake, akainama kama mtu mwenye siri.

Rufaa: Dada yangu. Neno linasema, "mdogo wake". Halisemi mdogo yupi.

Mimi: Mdogo wangu ni mmoja.

Rufaa: Nani anajua? Nimeona kesi nyingi zikifa kwa sababu mshtakiwa si yeye. Ongeza neno jipya, hilo halitaki kidole cha mtu. Andika kwamba mlikuwa na ndugu mwingine, wa kati. Mkorofi. Akakiiba kichuma, akaenda mbali, akafia huko. Mdogo wako anatoka safi, wewe unatoka safi, marehemu hana wa kumlalamikia.

Mwanzoni niliona upuuzi. Kisha, nisifiche, nilianza kumpenda. Nikampa umri, miaka kumi na saba. Nikampa jino lililopishana. Nikaanza hata kumkumbuka alivyokuwa akibamiza mlango.

Zege: Mama, huyo ndugu mwingine alikuwa mrefu?

Mimi: Mfupi. Mwenye hasira.

Chaji: Bibi! Hilo nalo ukiliweka halitoki. Utakuwa na ndugu wawili wa kugombana nao, mmoja mzima na mmoja hajazaliwa.

Nikamtoa kichwani yule mkorofi. Ilinichukua muda.

Chaji: Mimi nina njia moja tu ya kitaalamu. Mkataba unataka kidole chake. Haujasema kidole kiwe mkononi.

Zege: Weee!

Chaji: Sijasema tukate! Alama ya kidole. Mtu akishika kikombe kikavu, alama inabaki. Tunainyanyua kwa gundi, tunaiweka kwenye kitu laini, tunabonyeza.

Zege: Saruji nyeupe ninayo. Laini kama ngozi ya mtoto.

Rufaa: Na kikombe tutampaje?

Zege: Si tunamkaribisha kahawa! Mama anatuma mtu, njoo ndugu yangu kwenye benchi, kaa, kunywa. Akishika tu, tumemaliza.

Mimi: Nimkaribishe kahawa.

Zege: Ndiyo.

Mimi: Akae hapa. Nimmiminie.

Zege: Na sukari umwekee, asishtuke.

Chaji: Jamani, akija akanywa kahawa hapa, si tayari wamepatana? Tutataka alama ya nini?

Rufaa: Hapana, hapana. Usichanganye mambo. Kukaribisha ni mtego. Kupatana ni kitu kingine, kina utaratibu wake.

Zege: Kabisa. Mficha uchi hazai, na mama ameshazaa, kwa hiyo tufiche.

Walikuwa wameshaanza kubishana ni kikombe kipi kinashika alama vizuri, cha udongo au cha bati, alipotokea msoma mita. Mtu wa makamo, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, ana kitabu chini ya kwapa na tochi mkononi mchana kweupe. Anakuja kila mwezi na hajawahi kukaa nasi.

Msoma mita: Habari za hapa. Kaka, mguu.

Zege akatoa mguu kwenye kisanduku. Yule bwana akapiga magoti, akafungua kifuniko, akafuta kioo kwa kidole gumba, akamulika.

Rufaa: Na wewe hiyo mita yako, namba ikishapanda, huwa inarudi nyuma?

Msoma mita: Mita hairudi nyuma, mzee. Inaenda mbele tu. Haya, imesogea vizuri mwezi huu. Atafurahi.

Mimi: Nani atafurahi?

Msoma mita: Yule bibi wa mtaa wa tatu, mwenye mlango wa bluu. Si ndugu yako? Mnafanana pua.

Chaji alinijibia kwa kichwa.

Msoma mita: Kila mwezi nikitoka hapa naenda kwake. Kabla sijafungua kisanduku chake ananiuliza, ile mita ya chini ya benchi imesogea? Nikimwambia imesogea, anasema, basi dada anapika, dada anafua, dada mzima. Halafu ananiletea maji ya kunywa. Ni miaka saba sasa. Ule mwaka ulipolazwa hospitalini, nilipomwambia haijasogea, alikaa chini pale pale mlangoni, maji hakunipa.

Zege aliweka mguu wake pasipo na kisanduku, akayumba, akajishikilia kwenye ukuta.

Chaji: Anauliza kila mwezi?

Msoma mita: Kila mwezi. Nilidhani mnajua. Nikadhani ni mazoea yenu, nyie wa ukoo huu.

Akaandika namba yake kwenye kitabu, kwa kalamu, akafunga kifuniko. Akatutazama mmoja mmoja, sisi watu wanne kwenye ubao mmoja, na kichuma katikati yetu juu ya kitambaa.

Msoma mita: Mbona mmepoa? Mimi ndiyo naelekea huko sasa hivi. Leo nimwambieje?

Zege akatazama mikono yake. Chaji simu yake ilikuwa bado imewaka kwenye neno la saba, akaigeuza ikalala kifudifudi. Nikamwona Rufaa anatafuta methali, midomo inakwenda, anazipitia moja moja kama mafaili yale, na zote si za kesi hii.

Ili nisiendelee kukaa nikachukua birika, nikainamisha kwenye kikombe cha Zege. Likatoa matone mawili na machicha.

Mimi: Imeisha.

Zege: Hata saa sita haijafika!

Mimi: Nimesema imeisha.

Nikachukua kichuma na uzi wake wa bluu. Nikakirudisha kwenye kitambaa, nikafunga mafundo matatu, moja juu ya jingine. La tatu nikalikaza kwa meno. Simu nikaitia upande mmoja wa pindo, kifurushi upande wa pili. Nikavua kandambili za ndani, nikavaa viatu.

Chaji: Bibi, nije nawe? Ukifika kwenye kubonyeza, nikuelekeze.

Mimi: Yeye anajua kusoma. Ataniongoza.

Rufaa: Dada, na akikataa kubonyeza?

Mimi: Basi litabaki lilivyo, na atakuwa amelisikia kwa mdomo wangu kabla ya kulisikia kwa simu ya mtoto. Hilo nalo halifutiki, Rufaa.

Msoma mita alikuwa ameshapiga hatua. Anatembea haraka yule, ana nyumba nyingi. Mtaa wa kwanza nilimkosa, mtaa wa pili nikamwona anafuta miwani, goti langu linalia na kifurushi kinanigonga paja kila hatua. Nikamwita.

Mimi: Baba! Nenda polepole. Na ukifika, usimwambie kitu.

Msoma mita: Akiuliza kama imesogea?

Mimi: Nyamaza tu. Ataiona mita yenyewe inakuja.